Nilisema Ratili Nne na Nusu

Nilijipiga risasi siku ya posa ya binti wa shoga yangu, chumbani kwa shoga mwenyewe, Adelphi, huku Maryland, Marekani, nikiwa nimefunga kanga ya kupikia. Jikoni wanawake walikuwa wanamenya vitunguu na kuwasema wasiokuwepo. Mimi nimetoka msalani, nimeingia chumbani, mlango nimeurudishia, narudisha bastola kiunoni. Nikaitia kwenye ala yake. Ikagoma kidogo, kama mguu unaoingia kwenye kiatu kilichokunjamana kisigino. Nikasukuma. Paa!

Maumivu sikuyaona mwanzoni. Niliona mchele. Shoga yangu alikuwa amenunua magunia ya mchele kwa ajili ya shughuli, na kwa kuwa jikoni kwake hapageuki watu wawili, ameyapanga chumbani ukutani. Nilikuwa nimeegemea kitanda, kiuno nimekipinda, basi risasi ikachana nyama ya paja langu kwa nje, ikaenda kuzama gunia la mbele. Gunia likaanza kumwaga taratibu, shaaa, juu ya zulia. Nami nimesimama natazama, nawaza, huu atauzoa nani? Halafu nikasikia joto linashuka mguuni. Kuangalia chini, kanga yangu ya njano imekuwa nyekundu upande mmoja.

Shoga yangu alifika wa kwanza, kisu cha vitunguu bado mkononi. Ni Mkenya wa Nakuru, na akishtuka sauti yake inasikika mpaka kituo cha basi.

"Nani amekufa? Aki, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Na hiyo damu?"

"Nimejipiga."

"Na nini?"

"Na mwiko! Na bastola, mama, na nini tena?"

Nyuma yake akaja dada mmoja Mkongo, jirani wa ghorofa ya juu, ambaye siku hiyo alishika usukani wa sufuria kubwa. Akaniangalia mimi, akaangalia gunia, akashika kichwa. "Mungu yangu! Maman, umepiga muchele!"

Wanawake walicheka. Walikuwa wanalia na wanacheka, na mimi nilicheka nao huku nimekaa sakafuni na mtu ananifunga paja kwa mtandio. Binti yangu tayari alikuwa kwenye simu anaita gari la wagonjwa, na anavyopenda kunijibu kwa Kiingereza, nilimsikia akiwaeleza watu wa simu kwamba mama yake amejeruhi mguu na wali, maana kwa Kiingereza mchele na wali ni neno moja.

Tulicheka mpaka shoga yangu alipokumbuka kwamba nyuma ya ukuta ule, upande wa pili, watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanaangalia katuni. Ukuta wenyewe ni wa nyumba za kupanga za huku, ukiupiga ngumi unatoboka. Hapo kicheko kilikatika kama umeme. Mchele ndio ulioizuia ile risasi. Nikaacha kutazama mguu wangu.

Sasa nirudi nyuma, maana watu wakisimulia habari hii huanzia hapo kwenye gunia, na wakianzia hapo mwenye kosa anakuwa mimi peke yangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimalizia dirishani nikiangalia nje. Huku nimekuja na mikono yangu miwili na nimeishi kwayo. Nimesafisha ofisi za watu, nimeogesha wazee, na kwa miaka mingi nimekaa kaunta ya kituo cha mafuta, Riverdale Park, pale Route 1. Kaunta ile ilikuwa na kioo kizito cha kuzuia risasi. Bosi wangu akakitoa. Alisema kinafukuza wateja, kinawafanya wajione wezi. Mimi nilimwambia, "Bosi, mwizi naye ni mteja, atafurahi sana." Akacheka. Wakati ule alikuwa anaona mimi nachekesha.

Kijana aliingia mchana kweupe na kisu. Simtafutii sababu, wenye kazi hiyo wapo. Nilimpa alichotaka, hata sikubisha, na bado wakati wa kuondoka akanikata kiganja, kwa haraka tu, kama mtu anayefunga mlango akitoka. Mishipa miwili ikakatika. Daktari aliishona vizuri, lakini kidole changu cha shahada hakikurudi chote. Kinaweza kuonyesha, kinaweza kukemea mtoto. Kazi ya kuvuta kitu kigumu hakiwezi, kinaanza kutetemeka kama sindano ya cherehani.

Basi mwenye kosa wa kwanza ni yule kijana. Wa pili ni bosi aliyetoa kioo. Nawataja kwa kazi zao, wenyewe wanajijua. Lakini wa tatu ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa sababu wale wawili sikuwahi kuwapelekea vitumbua.

Nilipopona nikaamua sitakaa tena nikiwa mikono mitupu. Maryland kibali cha kutembea na bastola kinapatikana. Unasoma, unapiga shabaha mbele ya mwalimu, unachukuliwa alama za vidole, unasubiri. Nilisoma. Mimi niliyekuwa naangalia dirishani, niliisoma sheria ile na binti yangu usiku kwa usiku mpaka naijua kuliko yeye. Najua nisikoruhusiwa kuingia nayo, na najua kwamba nikivuka Eastern Avenue kuingia D.C. naiacha nyumbani, kwa sababu upande ule ni vitabu vingine. Shughuli ya mtu nyumbani kwake sikuwahi kwenda nayo bila kumwomba mwenye nyumba. Shoga yangu nilimwomba. Akasema, "Bora wewe kuliko bwana wangu, yeye hata koleo haiwezi."

Kwenye shabaha ndipo kidole kiliponisaliti. Bastola niliyonunua ilikuja na triga yake ya kiwandani, kile kichuma cha kuvuta kwa kidole, na mwalimu aliniambia triga ile inahitaji ratili tano na nusu za kuvuta kabla risasi haijatoka. Ratili hizi hizi tunazopimia masanduku ya safari. Kwa mtu mzima mwenye mkono mzima si kitu. Mimi nikifika katikati kidole kinaanza sindano yake, mdomo wa bastola unacheza, na risasi inakwenda kumsalimia jirani. Nilifaulu kwa kuponea chupuchupu. Mwalimu akasema, "Tafuta fundi akupunguzie kidogo. Kidogo tu."

Fundi nilimpata kwa njia ya Kiswahili. Kwenye sherehe moja Takoma Park kulikuwa na Mmarekani mweusi, mtu mzima wa ndevu nyeupe, aliyejifunza lugha yetu zamani kwa mapenzi yake mwenyewe, na anaizungumza kama imepigwa pasi. Sisi tunasema "eeh", yeye anasema "naam". Aliniamkia shikamoo. Nikamwambia, "Baba, mimi na wewe nani amwamkie nani?" Akasema, "Heshima haihesabu miaka, mama." Mimi nikayeyuka. Nimeishi nchi hii watu wananiita "hey", halafu mtu anakuja na heshima haihesabu miaka! Aliposema kazi yake ni kurekebisha bastola, kwenye karakana nyuma ya nyumba yake, nikaona Mungu amenikumbuka.

Karakana ilikuwa safi kuliko jiko langu. Alinitolea bastola tupu, zote amezifungua mbele yangu nione hazina kitu, akazipanga juu ya kitambaa. Akaniambia nisiangalie umbo, nivute tu. Ya kwanza ilikuwa bastola ya kizamani ya mzunguko, nzito, nikavuta mpaka meno yakauma, wapi. Iliyofuata ilikuwa na uzito wa kama yangu, tano na nusu, kidole kikaanza ngoma. Ikaja ya nne na nusu. Nikavuta, nikasikia ukuta mdogo unaokaza, nikaendelea, ikalia tak. Mkono umetulia. Nikarudia. Umetulia.

Akanipa ya mwisho. Hiyo, jamani, sikuivuta. Nilifikiria tu na ikalia.

"Hii ni ratili tatu," akasema, macho yanamng'aa. "Washindani wa shabaha huipenda mno. Wasikia ilivyo laini?"

"Nasikia. Hii haina subira."

"Kwa mkono wako, mama, hii ndiyo itakayokuokoa."

"Baba, mimi sishindani. Mimi nainama, nafunga kanga, nabeba sufuria, napanda basi na mifuko. Kitu kinachokaa kiunoni kwangu lazima kiwe na ubishi kidogo. Nikikigusa kwa bahati mbaya kiniulize, una uhakika?"

Akacheka. Kasema hajasikia mtu akieleza hivyo. Nami nikavimba kichwa, nikaendelea. Nikamwambia bomba la maji likifunguka kwa kuguswa na mkono wa gauni, nyumba itafurika. Likihitaji koleo, utakufa na kiu. Ninachotaka ni bomba linalofunguka kwa mkono wangu huu mbovu, na lisifunguke kwa kitu kingine chochote. Nikashika ile ya pili kutoka mwisho.

"Nataka hii. Nne na nusu."

"Waonaje tukishuka kidogo, nne kamili?"

"Nne na nusu."

"Naam. Nne na nusu, mama. Nimekusikia."

Alinisikia. Hakuna mtu wa kuniambia hapa kwamba lugha ilitupita. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu.

Nilipokwenda kuichukua alikuwa ameing'arisha mpaka unaweza kujitazama. Nikavuta ikiwa tupu. Ikalia kabla sijajipanga. Nikamwangalia. "Mbona nyepesi hivi?"

"Nimelainisha vyuma vinavyosuguana," akasema. "Kitu kikiwa laini mkono hukiona chepesi. Uzito ni ule ule uliouchagua."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nilikwenda kwenye shabaha nikapiga kama mtu aliyezaliwa vitani. Matundu yote yamekaa pamoja, unayafunika kwa kisahani cha chai. Nilirudi karakana na vitumbua vya moto, bakuli zima, nimevifunika kwa kitambaa kama napeleka kwa wakwe. Kila mwanamke aliyenisikiliza nilimwambia kuhusu fundi wangu. Kwenye basi niliwahi kumsifia kwa mtu ambaye hata hakuniuliza.

Kisha ikaja posa. Tulivyo sisi, shughuli ya mwenzio hukai kochini kama mgeni. Unafika, unavua viatu, unafunga kanga juu ya suruali, unaingia jikoni. Hakuna mwalimu wa shabaha wa Maryland anayefundisha bastola na kanga, hata katika mifano yao hayumo mtu aliyefunga kanga. Nilipotoka msalani ncha ya kanga ilikuwa inaning'inia upande wa kulia. Nikaingiza bastola, ncha ikaingia nayo, ikajizungusha kwenye triga, nami nikasukuma. Mengine mnayajua.

Hospitali walinishona, na hospitali ya huku ikiona tundu la risasi inawaita askari. Walikuja, waungwana tu. Wakauliza kidole kilikuwa wapi. Nikasema nje, kimenyooka, kama nilivyofundishwa. Wakaandika. Bastola wakaondoka nayo, baadaye wakanirudishia niiweke ndani. Kibali cha kutembea nayo wakakisimamisha mpaka wakubwa waamue kama mimi ni mtu wa kuaminiwa au ni mwanamke asiyejua alichobeba.

Na hapo ndipo jina langu lilipoanza kusafiri kuliko miguu yangu. Silver Spring wananijua. Takoma Park wananijua. Nikiingia kwenye shughuli mtu anasema, "Ficheni mchele!" Nacheka, nifanye nini. Lakini shoga yangu hakunialika kwenye harusi yenyewe. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Dada, wamama wanaogopa. Wewe ngoja tu hii kitu ipoe." Mtu ambaye tumepikiana miaka yote hiyo. Na nilipokwenda kwa bosi kuomba nirudi kaunta, akasema ana wasiwasi na hasira zangu. Yeye aliyetoa kioo!

Siku moja shoga yangu huyo alipita kwangu kuazima mizani ya mizigo, maana anasafiri kwenda Nakuru. Mnaijua, kila nyumba yetu ipo, ile ya mkononi yenye ndoano, unatundika sanduku, inakusomea ratili, unatoa viatu vya shangazi, unatundika tena. Nikiwa namtolea, nikaitazama ile ndoano. Nikaitazama sana.

"Nini?" akasema.

"Kaa hapo."

Nikaitoa bastola, nikaifungua mbele yake, tupu, nikamwambia na yeye atie macho, akatia macho kwa mbali sana. Nikaielekeza kwenye ndoo ya mchanga niliyoiweka kwa kazi hiyo. Nikapachika ndoano kwenye triga, nikavuta mizani polepole kuja nyuma. Tak. Kioo cha mizani kimeandika mbili na kitu.

"Rudia," shoga yangu akasema. Sasa amesogea.

Nikarudia. Mbili na kitu.

"Na ulimwambia ngapi?"

"Nne na nusu."

"Huyo mzee wa naam naam?"

"Huyo huyo."

Akainuka, akachukua mkoba wake. Kisha akasema, "Wacha nivae viatu."

Mizani ya masanduku si ya kitaalamu, najua. Ndiyo maana tulipita kwanza kwa mwalimu wangu wa shabaha, akaipima kwa chombo chake cha haki. Ratili mbili na robo tatu. Mwalimu akanuna. Akasema bastola ya kutembea nayo yeye asingemfanyia hivyo hata adui yake. Akanitilia springi ya kiwandani, akapima, tano na nusu. Tukachukua kanga, bastola ikiwa tupu, tukaingiza na ncha yake vile vile. Nguo ikajikusanya, ikabana, mkono wangu ukasimama wenyewe nikajua kuna kitu. Tukajaribu tena na tena, haikulia. Sisemi kwamba haiwezekani kamwe. Nguo ni nguo, na siku hizi naangalia ala kama mama anavyoangalia sikio la mtoto. Nasema kile kilichoondolewa ndicho kilichokuwa cha kuniuliza, una uhakika?

Fundi alitupokea kwa shikamoo zake. Shoga yangu hakuitikia.

Nikamwambia, "Baba, nilikuomba ngapi?"

Akatazama kitambaa chake cha meza. "Nne na nusu."

"Ukafanya ngapi?"

"Mama, nilikutazama ukitetemeka. Nilimfikiria yule kijana mwenye kisu akirudi. Niliona kwamba siku hiyo nne na nusu ingekuua."

"Kwa hiyo ukaniamulia."

"Nilikufanyia wema."

"Na ule uongo wa kulainisha, nao wema?"

"Nilijua utakataa."

"Eh!" shoga yangu akaruka. "Alijua utakataa! Mzee, wewe unajisikia kweli? Watoto wangu walikuwa nyuma ya ukuta!"

Machozi yalimjaa, na nikaamini ni ya kweli. Alisema atanirudishia gharama. Sikuja kwa gharama. Nilimwambia ninachotaka, waziwazi, kwa Kiswahili chetu sote wawili. Aende kwa wale wanaoshikilia kibali changu, aseme, huyu mama alichagua sawasawa, mimi nikabadilisha bila kumwambia, na alipouliza nikamdanganya. Kisha aje Adelphi, kwenye kochi la shoga yangu, awaambie wanawake hivyo hivyo.

Akasema leseni yake itakwenda. Akasema ana mke mgonjwa. Akasema, tafadhali, mama, nielewe. Mpaka leo hajakwenda, hajaja, na nasikia akiulizwa anasema mimi niliweka kidole.

Haya. Wewe fundi unasoma Kiswahili, na hili utalisoma, kwa sababu vitu vyetu unavisoma vyote. Sikutukani wala sikutishi. Mke wako namwombea. Lakini leseni yako unailinda kwa jina langu, na jina langu sikukupa. Nilivuta triga zako zote kwa mkono uliokatwa, nikachagua kwa akili yangu, nikatamka, nawe ukanirudishia tamko langu neno kwa neno kisha ukafanya lako. Nani alikwambia mwanamke anayetetemeka hajui anachotaka? Nijibu. Usinijibu karakanani tukiwa wawili. Nenda ofisini kwao ukawajibu, kisha uje uwajibu wanawake, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nakusikiliza.